Karatasi Haihemi

9 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu zako zinatangulia, za mke mkubwa zinafuata nyuma. Usimwambie. Yuko jikoni, na akijua nimekuweka wewe mbele atanipunguzia sukari kwenye chai. Sisi hatujambo. Kuku wetu wa madoadoa kaacha kutaga, na bibi yako anasema mimi ndiye niliyemfundisha uvivu. Mama yako alipita Jumapili. Kanenepa, lakini hayo umeyasikia kwa upepo, si kwangu. Fundi bati hajaja mpaka leo, kwa hiyo mvua ikinyesha tunahamisha kitanda huku na huku kama kete ya bao.

Halafu usinipigie simu tena. Ile simu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, imekufa kifo cha dobi. Tuandikiane kama watu wa zamani. Darasa la nne nililifika, si haba, ingawa mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Basi sikia: babu yako kawa mcheza filamu.

Unajua kwamba kila Jumatano huenda pale chuo cha madaktari, kwenye hospitali niliyoifulia mashuka mpaka nikastaafu, nikakaa kwenye benchi bila shati ili wanafunzi wenzio wausikilize moyo wangu. Mlango mmoja wa moyo umekakamaa, damu inapita kwa kubanwa, na ikipita inavuma. Yule daktari mwalimu mzee aliugundua siku alipotupima sisi wa dobi, akafurahi kama mtu aliyeokota kito jalalani. Ndipo nikaitwa Mzee Mvumo. Wanafunzi wana mikono ya baridi kama vyura, lakini sikulalamika, kwa sababu mwalimu wao alikuwa hunisikiliza kwanza yeye mwenyewe. "Mzee, leo uko sawa." Au, "Mzee, leo tuongeze kidonge." Nilikuwa naenda kufundisha, narudi nimetibiwa.

Sasa huyo kastaafu. Kaja mkuu mpya, kijana, tai imemkaba utadhani ana deni nayo.

"Mzee," kaniambia, "wanafunzi wamekuwa wengi mno, na wewe ni mmoja. Tukikurekodi vizuri, vyuo vyote vitajifunza kwako."

"Hata cha mjukuu wangu?"

"Hata chake."

Basi nikakubali. Walileta taa za kutosha kukaushia mashuka ya hospitali nzima. Geuka huku, lala kidogo, inama. Kijana wa kamera akasema, "Mzee, zuia pumzi." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimeoa. Kuzuia pumzi ndiyo kazi yangu." Chumba kizima kilicheka, hata yule mwenye tai. Ukiiona hiyo video, usikilize hapo.

Mwisho mkuu akanishika mkono, akasema, "Asante sana, Mzee. Sasa huna haja ya kujisumbua kuja Jumatano. Tunaye humu." Akakipapasa kile kikamera kama mtu anayempapasa mbuzi aliyemnunua.

Soma sana. Kula.

Mumeo mzee

*

2 Machi

Shikamoo, mume wangu mzee,

Nimefurahi kupata barua yako, ingawa mwandiko wako ulinifanya nimwite mwenzangu wa chumbani tuusome kwa kusaidiana. Mimi mzima. Chumba chetu kina vitanda vinne na dirisha moja, na mwenye kitanda cha dirishani hataki lifunguliwe. Mpe bibi pole ya kuku. Mama aliniandikia kwamba wewe ndiye uliyekonda. Ni kweli?

Babu, nimekuona. Tulikuwa zaidi ya mia mbili ukumbini, mimi nimebanwa huko nyuma karibu na nguzo, pazia jeupe likawaka na kifua kikatokea. Uso ulikuwa umefichwa kwa kivuli. Sikuuhitaji. Niliona lile kovu la pasi begani, lile unalosema ulipigwa muhuri na serikali. Halafu vipaza sauti vikaleta moyo wako. Ulivuma, Babu, kama msumeno unaokata mbao mbichi. Nilitaka kusimama juu ya kiti.

Na utani wako tumeusikia. Watu walicheka sana.

Najua unavyowaza kuhusu hizi video, lakini usizibeze. Hapa wodini mgonjwa mmoja anazungukwa na watu ishirini. Unarefusha shingo, unaona mgongo wa mwenzio, kengele inalia. Kwenye video narudisha nyuma nitakavyo, naona mkono wa daktari unapowekwa, nasikiliza mpaka nielewe. Na hakuna mgonjwa anayechokozwa na mikono ya vyura, kama unavyotuita. Kila ninapokwenda kulala nakuweka masikioni.

Lakini hukuniambia jambo moja. Jumatano hizi nani anakusikiliza? Vidonge unavipata wapi?

Mjukuu wako

*

20 Aprili

Mke wangu mdogo,

Nimechelewa kujibu, kalamu ni ya kuazima na ilikuwa kwa mwenyewe. Hatujambo. Fundi bati amekuja, akaangalia juu, akatikisa kichwa kama daktari, akaenda zake. Kuku wa madoadoa tumemla. Alikuwa mgumu kama alivyoishi.

Kukonda nimekonda, ndiyo, mambo ya wacheza filamu. Ila miguu imenawiri. Viatu vyangu vyeusi vimegoma kuingia, nadhani ngozi imesinyaa kwa unyevu. Natembea na kandambili kama mtalii. Na nimekuwa mtu wa adabu, hutaamini. Zamani nilikuwa nikienda dukani napita nyumba za watu kama mwizi. Siku hizi kila mlango nasimama: hodi, habari za asubuhi, watoto hawajambo, na mguu wa mama mkwe? Nasimama mpaka wanijibu yote. Mtaa mzima unanisifu, wanasema uzee umenitengeneza. Bibi yako ananiangalia tu.

Sasa nikuchekeshe. Jumatano moja miguu ilinichukua yenyewe mpaka chuoni. Unajua punda wa kinu, hata umfungue huzunguka. Nikaketi kwenye benchi langu. Mwuguzi wa mapokezi, mgeni, akaniuliza, "Mzee, unamsubiri nani?"

"Nalisubiri darasa."

"Darasa limeshaanza."

Nikasogea dirishani. Kweli lilikuwa limeanza, na mwalimu ni mimi. Kifua changu kiko ukutani, kikubwa kama lango la ghala, kovu la pasi unaweza kupikia chakula juu yake. Vijana wamekaa mistari mistari, kila mmoja na vidude masikioni. Wakati mimi nimesimama nje na shati langu la mikono mirefu nimelifunga vifungo vyote kama karani.

Mmoja akatoka, vidude bado viko masikioni, moyo wangu unamvumia humo humo. Nikamfungulia tabasamu lote. Akasema, "Samahani, Mzee, unaziba njia."

Nikafikiria kuvua shati ili anitambue. Nikaona bibi yako akisikia nimevua shati barabarani ataomba talaka. Nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo mama, usiniambie nisizibeze. Sizibezi. Mimi ndimi video. Nauliza tu: ulipaza sauti ukumbini ukasema yule ni babu yangu? Maana hukuandika.

Mumeo wa ukutani

*

11 Juni

Shikamoo Babu,

Barua fupi, nisamehe. Mvua huku haikatiki na nguo hazikauki, ungekuwepo ungetufundisha. Mwenye kitanda cha dirishani amehama, sasa kitanda ni changu na upepo ni wangu.

Mtihani wa vitendo umekwisha. Tumepumua.

Hujanijibu kuhusu vidonge. Miguu yako imevimba au viatu vimesinyaa? Usinifanyie mzaha kwenye hilo. Ninakuja likizo mwezi ujao. Nimenunua mipira ya masikioni ya kupimia moyo, yangu mwenyewe, mipya, ya rangi ya bluu. Wewe utakuwa mtu wa kwanza.

Mwambie bibi asichinje kitu.

Mjukuu wako

*

25 Agosti

Mke wangu mdogo, daktari wangu,

Tangu uondoke nyumba imepwaya. Bibi yako anakunja shuka ulilolalia na kulikunjua, anakunja na kulikunjua, hata mimi niliyekuwa dobi nimemwambia linachoka. Mama yako anakusalimu. Fundi bati amefariki, na bati letu halijui la kufanya.

Lile jambo ulilonifanyia sitalisahau. Uliniketisha kwenye kiti cha mbao, ukamfanya bibi yako azime redio, kitu ambacho mimi kwenye ndoa hii yote sijakiweza. Ukaipasha ile mipira ya bluu kwa kiganja chako kwanza. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipashia. Ukasikiliza juu, ukasikiliza chini, ukafumba macho, ukasikiliza tena. Halafu ukafungua macho yamejaa mwanga.

"Babu! Mvumo umepungua! Karibu hausikiki. Kwenye video ulikuwa kama msumeno, sasa ni kama mtu anayefagia nyumba ya jirani."

Bibi yako aliketi sakafuni akalia. Wewe ukacheka. Mimi nikauliza, "Kwa hiyo Mzee Mvumo kafukuzwa kazi?" Ukasema, "Kaachishwa, Babu. Moyo umepata nafuu."

Basi tangu siku hiyo mimi kijana. Vidonge nimeviacha. Kuvifuata zahanati nilikuwa napanga foleni na watoto wanaokohoa, na vyenyewe vilikuwa vinanikimbiza chooni kama mtu mwenye miadi. Gari likishapona halipelekwi kwa fundi. Bibi yako alitaka kubisha, nikamwambia, "Daktari wangu kasema." Nani atabishana na koti jeupe tulilomshonea wenyewe?

Juzi nikapanda ngazi za soko, kwa kuringa tu, sikuwa na cha kununua. Katikati pale giza likanijia mchana kweupe. Nilipozinduka nimekalia gunia la vitunguu la watu, muuzaji ananipepea kwa gazeti. Nilikuwa sijanywa chai asubuhi, ndiyo sababu. Na siku hizi nalala kwenye kile kiti cha mbao, kwa sababu bibi yako anakoroma.

Lakini wewe mtoto, umekaa hapa wiki nzima, tumezungumza mpaka habari za marehemu kuku, na hukuniambia mtihani ulikwendaje. Niliona kila nikikaribia unaenda kuchota maji. Pipa lilifurika.

Kijana wako

*

30 Septemba

Babu,

Sina salamu leo. Ukiipata barua hii, kabla hujaimaliza, mwite bibi, mwende hospitali. Sasa hivi. Nimempigia mama simu nikamwomba aende kwenu, sijui amefika au hajafika. Namba yako haiiti.

Nilikosea, Babu. Moyo wako haujapata nafuu.

Mtihani wa vitendo nilishindwa. Walinipa mgonjwa hai, mama mmoja mnene anayekohoa, huku watoto wanalia chumba cha pili na saa inakimbia ukutani. Nikaweka mipira yangu kifuani kwake, sikusikia hata kitu kimoja kinachofanana na ninachokijua. Nikasema nilichokizoea. Nikasema anavuma kama msumeno. Mama yule hakuwa na ugonjwa wa moyo. Walinirudisha wodini nikafanye upya. Ndiyo maana pipa lilifurika.

Juzi huko wodini daktari mmoja wa zamani alinishika bega, akaniinamisha kwa mzee mwenye mlango uliokakamaa kama wako. Nikasikiliza. Mvumo ulikuwa mdogo sana, wa kufagia nyumba ya jirani. Nikasema, "Huyu anaendelea vizuri." Akasema, "Binti, mlango ukikakamaa na moyo bado una nguvu, damu inasukumwa kwa kishindo, ndipo unapovuma. Moyo ukichoka hausukumi, na kisichosukumwa hakina kelele. Ukiona mwenye mvumo amenyamaza, usishangilie. Muulize analalaje."

Hukuwa unamkimbia bibi anayekoroma. Ulikuwa huwezi kulala chali. Uliyaandika yote, miguu, milango ya majirani, gunia la vitunguu, nami nikacheka tu. Nilikusikiliza nikiwa na video masikioni. Niliilinganisha na wewe, nikaiamini yenyewe.

Na utani wako hatukuusikia. Sauti yako waliikata, wakaweka ya mwalimu anayeeleza. Mdomo wako unaonekana kidogo pembeni ukichezacheza, lakini kinachosikika kutoka kwako ni moyo peke yake. Hakuna aliyecheka. Wala sikusimama nikasema ni babu yangu. Niliogopa wataniuliza swali nishindwe kujibu.

Mtihani wa marudio ni mwezi wa kumi na mbili, wiki ya kwanza. Nikiukosa wananiondoa chuoni. Siku ile ile nikimaliza napanda basi.

Nisamehe, Babu. Niandikie kwamba umenisamehe.

*

4 Novemba

Mke wangu mdogo,

Salamu zinatoka wodini, kitanda cha karibu na mlango, shuka limefuliwa vibaya na kukamuliwa vibaya, ningekuwa bado kazini kuna mtu angelia. Bibi yako yuko hapa chini ya kitanda, kwenye mkeka, na sasa imethibitika: hakoromi. Hajawahi. Miaka yote hii namsingizia.

Mama yako alifika akaniburuta hapa kama fenicha. Barua yako bibi kaniletea na chai. Nimeisoma kidogo kidogo, nikipumzika kwenye nukta.

Madaktari wameniwekea vyuma na mipira. Maji yaliyokuwa miguuni wameyapunguza, viatu vyeusi sasa vinaingia, ila sina pa kwenda navyo. Wanasema mlango ungebadilishwa mapema ingewezekana, sasa moyo wenyewe hautastahimili kisu. Wameniambia kwa upole sana, wamekaa kitandani kabisa. Ukiona daktari amekaa, mama, jua amechoka kusimama upande wako.

Jana wanafunzi walikuja. Nilifurahi, nikajivua shati mwenyewe kabla hawajaniomba, kazi ya zamani haisahauliki. Kijana mmoja akaweka mipira, akasikiliza, akakunja uso. Akatoa simu, akachomeka kidude sikio moja, mpira wa kupimia kauweka sikio la pili, akasikiliza huku, akasikiliza kule. Nikachungulia kile kioo. Unajua nilichoona? Kovu la pasi.

Akageuka kwa wenzake. "Huyu hana kitu. Mvumo wenyewe unakuwa hivi." Akawapa simu wasikie.

Nilitaka kucheka lakini kucheka siku hizi ni safari. Bibi yako ndiye aliyeinuka mkekani akasema, "Wewe mtoto, mtazame bega." Kijana akatazama bega, akatazama simu, akatazama bega. Alinifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akakosea, kola ikaenda upande.

Sasa nikwambie mambo mawili ambayo sikukwambia.

La kwanza, simu haikuanguka kwenye ndoo. Iko kabatini, chini ya sare yangu ya dobi, nimeizima. Tangu Januari nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, na wewe una masikio. Nikaona bora tuandikiane. Karatasi haihemi. Humu naweza kukutania mpaka chini ya ukurasa, nawe ukadhani nimeketi kivulini nakunja nne.

La pili, siku ile uliponiambia nimepona, nilikuwa nahema. Umeinamia kifua changu, kinapanda na kushuka mbele ya macho yako kama mvukuto wa mhunzi, nawe umefumba macho ili usikilize vizuri. Nikasema moyoni, mtoto kasoma, mimi nimefua mashuka. Nikakuamini wewe kuliko kifua changu. Kwa hiyo kosa tumelila sahani moja. Ila wewe umelila ukiwa na meno.

Uniandikie umenisamehe, unasema. Hapana, mke wangu. Hilo siliandiki. Nimekuandikia mwaka mzima uongo mtupu, na ulikaa vizuri kwenye karatasi kuliko ukweli. Msamaha wako ninao hapa mdomoni, uje uuchukue.

Mtihani wako ni wiki ya kwanza, ukimaliza unapanda basi. Haya. Sikushauri, sikuzuii. Mimi nilikosa shule kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Fanya hesabu zako mwenyewe, lakini kwanza muulize yule daktari wako wa zamani moyo usiopiga kelele husubiri mitihani ya namna gani.

Na ukichelewa usilie sana. Nenda pale ukumbini uwaombe wakubonyezee. Utanisikia safi kabisa, navuma kama msumeno, wala hutajua kama nimekufa. Ukifika pale pa "zuia pumzi" walipoikata sauti yangu, tazama pembeni ya pazia, utauona mdomo wangu ukichezacheza.

Nilikuwa nawachekesha. Waambie wenzio.

Babu yako